Namna ya kufundisha sanaa, dizaini, foto na mapishi sekondari kwa karanga, udongo na simu moja

Shule zetu nyingi Uganda hazina chumba cha sanaa, kamera usiulize, na jiko lililopo ni la wapishi wa posho (ugali) na maharage ambao hawataki mtu aguse sufuria zao. Alafu mwalimu anapewa Sanaa na Dizaini kutoka S1 mpaka S4 (kidato cha kwanza mpaka cha nne), saa zingine anaongezewa na Lishe na Teknolojia ya Chakula manake madam aliyekuwa nayo amehamishwa, anaandika oda ya rangi, brashi, oveni na kamera, oda inalala kwa meza ya hedimasta mpaka muhula unaisha na watoto wamechora chungu kile kile kutoka ubaoni mara nne.

Usingoje hiyo oda. Chukua kitu kimoja cha soko la kwenu ukifundishe muhula mzima: kichorwe, kipigwe picha, kipikwe, kifungwe kwenye chupa na kiwekewe lebo. Mimi niko upande wa West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, natumia karanga. Wewe wa Masaka tumia matoke, wa Kasese tumia kahawa, haina shida, ila mimi nitaongea karanga ndo niweze kuingia ndani. Muhula wa pili ndo mzuri zaidi kwa sababu karanga za mvua ya kwanza zinang'olewa wakati watoto wako shuleni, unapata mmea mzima na udongo wake.

Kidogo kuhusu mtaala, alafu tuache. Huu mtaala mpya ulianza na S1 mwaka 2020 na waliofanya UCE yake ya kwanza, yaani mtihani wa mwisho wa S4, ni wa 2024. Alama 20 kwa mia zinatoka kwa kazi za shuleni na 80 kwa mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda. Maana yake ni kwamba kile karatasi mtoto alichoharibu wiki ya pili bado ni ushahidi, usitupe. Foto haina somo lake peke yake huku chini, unaiingiza ndani ya Sanaa na Dizaini au ICT na inakaa vizuri tu.

Wachore kwanza bila kuona

Siku ya kwanza usilete karanga. Waambie tu wachore mmea wa karanga jinsi wanavyoukumbuka, dakika kumi, bila kuulizana. Hawa ni watoto wengi wao wameng'oa karanga tangu wako P2 (darasa la pili), lakini utaona maajabu: mmoja ananing'iniza karanga kwenye matawi kama maembe, mwingine anazipanga kwenye mizizi kama viazi. Usicheke, na usisahihishe. Kusanya, andika tarehe, weka.

Somo linalofuata ndo unaleta mmea mzima uliong'olewa jana jioni, mmoja kwa kila grupu. Waambie wafuate kwa kidole kutoka punje mpaka mahali imeshikilia. Watagundua wenyewe kwamba ganda haliko kwa mzizi. Ua la njano linachanua juu, likishachavuka linatoa kijiti kinachoshuka kinaingia ardhini, na ganda linajitengeneza huko chini kwenye ncha ya hicho kijiti. Kwenye mizizi yenyewe kuna vinundu vidogo vidogo, hivyo ni nyumba ya bakteria wanaoshika naitrojeni ya hewani, mwalimu wa baiolojia atakushukuru. Wachore tena. Weka michoro miwili pamoja, ya kukumbuka na ya kuangalia, na hapo hotuba ya kueleza umuhimu wa kuangalia huihitaji tena, wameshaona.

Zoezi lingine la kuamsha jicho ni kuchora bila kutazama karatasi. Macho kwenye karanga, penseli haiinuki, mkono unafuata ukingo polepole sana, ukimaliza ndo unatazama. Itatoka vibaya, na ndo raha yake, manake yule mtoto anayeogopa kuchora anaona hata bingwa wa klasi ametoa takataka. Fanya hili dakika tano kila mwanzo wa kipindi, usiache.

Mkaa wa kuchorea mtengeneze wenyewe. Kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, toboa tundu moja dogo na msumari, jaza vijiti vikavu vya unene wa penseli vilivyomenywa gome, funga, lizike kopo ndani ya moto wa jiko la shule wakati maharage yanachemka (ongea na wapishi mapema na kwa heshima, ukikosana nao muhula wako umekwisha). Moshi utatoka kwenye tundu, ukikata, toa kopo. Sasa hapa ndo watu wanaharibu: wanafungua ikiwa moto, hewa inaingia, vijiti vinawaka na unabaki na majivu. Acha ipoe kabisa, hata mpaka kesho. Ili mchoro wa mkaa usifutike, tumia maziwa yaliyotolewa mafuta, yazimue na maji, weka kwenye chupa ya kupulizia kama zile za saluni, pulizia kwa mbali mara mbili tatu.

Vitabu vya kuchorea pia usinunue. Maduka ya kuchapa yana mabaki ya karatasi yaliyokatwa pembeni, Kampala ukienda Nasser Road unaweza kupata mzigo, na huku kwetu hata stationari ndogo wanakupa wakijua wewe ni mwalimu. Kunja, shona katikati na uzi wa gunia, jalada la boksi. Basi.

Rangi za udongo

Hapa ndo napenda nikae. Tuma kila mtoto alete udongo wa kwao kwenye kopo, wa kichuguu, wa barabara ya murram, mweupe wa kutoka bwawani, mweusi, wowote, lakini aandike umetoka wapi. Utashangaa, S1 moja tu inaweza kukupa rangi kumi na zote hazifanani.

Ponda udongo, weka kwenye ndoo ya maji, koroga sana, alafu ngoja kama dakika moja tu. Mchanga na mawe yanakaa chini, rangi bado inaelea. Mimina yale maji yenye rangi kwenye beseni lingine kupitia kitambaa cha shuka kuukuu, mchanga wa chini tupa. Rudia mara mbili. Acha beseni usiku mzima bila kulitingisha, asubuhi maji yako juu ni meupe na chini kuna tope laini kama uji wa mtoto, mwaga maji polepole, anika tope juani kwenye kipande cha bati, likikauka saga na chupa. Hiyo ni rangi ya kweli, ina nguvu kuliko zile pakiti za rangi za maji ambazo ukipaka haionekani.

Ya kuishikisha kwenye karatasi una njia mbili. Gundi nyeupe ya mafundi mbao ukiizimua na maji kidogo, hii ndo rahisi. Au kiini cha yai na matone machache ya maji, njia ya zamani sana ya wachoraji, inang'aa vizuri ila inanuka ukiiweka mpaka kesho, kwa hiyo tumia siku hiyo hiyo. Na ute mweupe unaobaki peleka kwa chapati, lakini utenganishe kabla vikombe vya rangi havijafika mezani. Hii naomba nisisitize: sufuria, visu, vikombe na vijiko vya sanaa visirudi kwenye chakula hata vikioshwa. Vipake alama nyekundu vyote.

Wakati rangi zinakauka ndo nafasi ya kuongea kuhusu watu waliofanya haya kabla yetu, na usianzie Ulaya. Kuna michoro ya mwambani Nyero, kule Kumi, miduara myekundu ndani ya miduara, wakazi wa zamani walipaka mwamba na bado inaonekana. Kuna kitambaa cha gome la mti wa mutuba cha Buganda, gome la ndani linapigwa na nyundo za mbao mpaka linalainika na kupanuka, UNESCO wakakitangaza kuwa urithi wa dunia wa utamaduni mwaka 2005, na kikiwa bei ghali unaweza kununua kipande kidogo cha mabaki na wanafunzi wakachorea juu yake. Kuna sanamu ya uhuru Kampala, yule mama aliyefungwa kamba anayeinua mtoto, ya 1962, kazi ya Gregory Maloba, Mkenya aliyesoma na kufundisha Makerere kwenye shule ya sanaa aliyoanzisha Margaret Trowell. Waulize wanafunzi kwa nini mama bado ana kamba mwilini wakati mtoto yuko juu huru. Usijibu wewe. Na waandike majibu kwa Kiswahili, Kiswahili ni lazima S1 na S2 na mwalimu wake anatafutaga kila siku kitu cha kuandikisha insha.

Foto bila kamera, alafu na simu moja

Anza na giza. Chukua klasi moja yenye dirisha linalotazama uwanja wenye jua, ziba madirisha yote na ile plastiki nyeusi ya wajenzi, milango na nyufa ziba na magunia, acha tundu moja la upana wa kidole gumba. Tundika shuka nyeupe mbele ya hilo tundu, hatua mbili au tatu. Funga mlango na mkae kimya kama dakika tano macho yazoee. Utaona mti wa mwembe kwenye shuka, na rangi zake, umepinduka, na watu wanatembea vichwa chini. Kelele utakazosikia hapo hutasikia somo lingine lolote. Waache wabishane kwa nini imepinduka kabla hujawaambia kwamba mwanga unaenda moja kwa moja, ule wa juu ya mti ukipita tunduni unaishia chini na wa chini unaishia juu. Tundu likiwa kubwa picha inakuwa na ukungu, likiwa dogo sana picha inakaa sawa ila giza. Hiyo ni kamera, simu ni hiyo hiyo ndani ya mfuko.

Sasa simu. Shule nyingi za bweni haziruhusu mwanafunzi awe na simu, kwa hiyo itakuwa yako. Zima data kwanza, manake meseji zitaingia katikati ya somo na darasa zima litajua nani anakudai. Kila grupu wapewe picha tatu tu. Tatu. Na kabla ya kila picha wachore kaboksi kadogo kwenye daftari kuonyesha nini kitakaa wapi. Wakati grupu moja lina simu, wengine wanatembea na fremu ya boksi la sabuni lililokatwa dirisha katikati, wanafunga jicho moja na kutafuta picha zao. Mtoto mwenye picha tatu anafikiri, mwenye picha mia anabonyeza tu.

Kazi yao: karanga kwa umbali tatu, yaani mama anayeuza sokoni na mlima wake wa karanga, bakuli moja, na punje moja tu imejaa fremu.

Kuhusu mwanga, sisi ikweta inapita hapa hapa kwetu, Kayabwe kwenye barabara ya Masaka watu wanapiga picha na lile duara la alama ya ikweta, kwa hiyo saa sita jua liko utosini na uso wa mtu unatoka na mashimo meusi kwenye macho. Pigeni kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi jioni, au simameni kivulini mlangoni mwanga ukitokea upande mmoja. Karatasi ngumu ya manila nyeupe ikishikwa upande wa kivuli inarudisha mwanga, ni bure na inafanya kazi. Na ngozi yetu nyeusi mbele ya anga nyeupe simu inaipoteza kabisa, mfundishe mtoto kugusa uso kwenye skrini ili simu ipime mwanga hapo, au abadilishe tu nyuma, ukuta wa udongo ni mzuri ajabu.

Yule mama wa sokoni aombwe ruhusa kabla, siyo baada. Na picha za nyuso za wanafunzi usizitupe ovyo Facebook na WhatsApp, kuna sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2019, na kwa mtoto inataka idhini ya mzazi. Mikono, karanga, sufuria, hizo piga utakavyo.

Kama unataka picha ya karatasini bila kemikali za hatari, tumia manjano. Changanya unga wa manjano na spiriti ya famasi, chuja, paka karatasi ukiwa ndani kivulini, kausha gizani. Juu yake weka jani la karanga, bana na kioo cha dirisha, toa juani masaa machache. Jua linafuta manjano pale lilipofika na chini ya jani inabaki. Alafu paka maji ya sabuni ya mche kwa wepesi, itageuka nyekundu-kahawia, ni ile ile inayotokea doa la mchuzi kwenye nguo likikutana na sabuni, kila mama anaijua. Picha haidumu ukiiacha kwenye mwanga, itunze ndani ya kitabu. Na usiache somo liishie hapo: jua hilo hilo linalofuta rangi ndo linaloharibu vitamini A kwenye mboga tunazoanika juani wazi, ndo maana mboga inakaushwa kivulini penye upepo. Umeshaingia somo la lishe bila kengele kugonga.

Jikoni

Kabla ya chochote uliza nani karanga zinamdhuru, na umaanishe, wengine zinawavimbisha koo. Huyo asiwe karibu na sufuria wala unga wake, apewe kazi ya kupiga picha nje.

Kuchambua ni somo zima. Mwaga karanga kwenye ungo, watoe zilizooza, zenye ukungu, zilizosinyaa, zilizobadilika rangi. Kuna sumu inaitwa aflatoksini inatokana na ukungu, inaharibu ini, na kupika haiiondoi. Mbovu hazipelekwi kwa kuku pia wala hazisagwi "kwa sababu haitaonekana", nazo zinachomwa au kuzikwa.

Wasugue punje moja kwenye karatasi nyeupe, linabaki doa linalopitisha mwanga, hayo ni mafuta, karibu nusu ya karanga ni mafuta na kama robo ni protini. Na hiyo karatasi ya mafuta usiitupe, ukipaka nzima mafuta kidogo ukaikausha unapata karatasi ya kunakilia michoro kwa ajili ya lebo baadaye. Iodini ya famasi tone moja kwenye posho, inakuwa bluu-nyeusi, hiyo ni wanga. Tone kwenye tooke bichi, nyeusi, tone kwenye ndizi iliyoiva sana, rangi inapungua maana wanga umegeuka sukari. Vilivyowekwa iodini haviliwi, kuna wajanja watataka kujaribu.

Mchuzi wenyewe: karanga mbichi zenye ngozi nyekundu zikitwangwa zinatoa ule mchuzi wa pinki, binyebwa, ambao mgeni anashangaaga. Unga kikombe kimoja, maji vikombe vitatu, ukoroge kwenye maji BARIDI kwanza usije ukapata mabonge, alafu motoni polepole, unakoroga hasa mwanzoni manake unafurika ghafla na kuzima sigiri (jiko la mkaa). Kitunguu na nyanya ukitaka. Nusu saa au zaidi, mpaka harufu ya ubichi iishe na mafuta yaanze kuonekana juu, chumvi mwishoni. Grupu la watu sita kwa sigiri moja, na kila mtu ana kazi yenye jina: wa moto, wa kukoroga, wa saa, wa kuandika, wa picha, wa usafi. Wasipopewa kazi wawili watapika na wanne watasubiri kula.

Wavulana watasema mapishi ni ya wasichana. Waulize tu nani anakaanga rolex, ile chapati iliyoviringwa na mayai, pale stendi. Wengi ni vijana wa kiume na wanalipa kodi ya nyumba na hiyo chapati.

Lebo, alama na siku ya wazazi

Dizaini iache mwisho, wakati tayari wanakijua kitu. Kaanga karanga, saga ziwe siagi, ile ya kule Gulu wanaita odii, weka kwenye chupa zilizochemshwa. Lebo iwe na jina, viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na imetengenezwa wapi. Onyo kwamba ina karanga liwepo, hata kama ni karanga tupu. Alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, wasiichore hata kwa mzaha, hiyo inapewa bidhaa iliyokaguliwa, na hapo una somo zuri la uongo kwenye dizaini.

Chapa ya lebo chonga kwenye kiazi kitamu au muhogo, rangi ya udongo na gundi. Maandishi yachongwe kinyume, na lazima kuna atakayesahau, mwache achape aone. Waambie pia wasijaze: jina kubwa lisomeke hatua tatu mbali, mchoro mmoja, nafasi tupu iachwe. Wanafunzi wetu wanachukia nafasi tupu, wanaona ni uvivu. Weka lebo mbili kwenye rafu, moja imejaa na moja imepumua, simama mlangoni uulize ipi inasomeka.

Kwa alama, mimi naangalia daftari kuliko chupa. Kuna mchoro wa kwanza wa kukumbuka? Alibadilisha nini na kwa nini? Anaweza kueleza kwa mdomo? Mtoto mwenye chupa nzuri na daftari tupu amesaidiwa, na utajua ukimuuliza swali moja tu. Piga picha kila hatua ya kazi na uziweke kwenye folda kwa jina la mtoto mara hiyo hiyo, ukingoja mwisho wa muhula utachanganya.

Siku ya wazazi kutembelea ndo maonyesho. Kamba na vibanio vya nguo ukutani, michoro miwili ya kila mtoto pamoja, picha zilizochapwa ndogo ndogo kwa sababu wino ni ghali, chupa mezani. Mwenye kazi asimame hapo aeleze, kwa lugha anayoelewa mzazi wake, siyo Kiingereza cha kukariri. Siagi ya kuuzwa muulize hedimasta kwanza pesa inaingia wapi, na ikiandikwa iandikwe kwenye karatasi wanafunzi waione. Rangi za udongo zilizobaki zikae kavu kwenye makopo, na jina la kijiji juu ya kila kopo, manake mwakani mtu atauliza ile nyekundu nzuri ilitoka wapi na hakuna atakayekumbuka.